Bima ya nyumba bado ina jina la marehemu Baba. Nikisema, nitaonekana nataka kurithi

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni kitindamimba. Tumezaliwa wanne, kaka wawili, dada na mimi. Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita akatuachia Mama na nyumba. Nyumba ile aliijenga kwa mkopo, na benki ikamtaka aikatie bima. Mkopo ulipokwisha hakuacha kulipa. Alikuwa akisema benki imeshalinda pesa zake, sasa ni zamu yake kulinda za kwake.

Alipofariki hakuna aliyekumbuka bima. Mwaka ulipogeuka, ujumbe wa kukumbusha malipo ukaingia kwenye simu yake, ambayo Mama alinipa niitumie. Ulianza na "Ndugu mteja", kisha jina la Baba. Nikalipa. Uliporudi tena nikalipa tena. Sikumwambia mtu kwa sababu sikuona la kuambia, nilihesabu ni sawa na kumlipia Mama umeme.

Mwezi huu muda wa kuhuisha umefika na nimesita. Nyumba ya jirani iliungua upande mmoja, na alipokwenda kudai fidia alianza kuulizwa mwenye nyumba ni nani na ndani anaishi nani. Niliporudi niliitoa hati yetu nikaisoma mwanzo hadi mwisho. Shangazi, nilitoka jasho. Jina ni la Baba. Kiasi cha bima ni kile kile alichoandika wakati wa mkopo. Nyumba imeandikwa kuwa ni ya makazi ya mwenye bima na familia yake, na mtoto wa Kaka mkubwa amegeuza banda la gari kuwa karakana ya kuchomelea vyuma. Hati inasema nyumba isikae tupu zaidi ya siku 30 mfululizo bila kampuni kujulishwa, na Mama siku hizi huenda kwa Dada kwa ajili ya matibabu akakaa hata miezi miwili. Vyumba viwili vya nyuma vilivyoongezwa baada ya Baba kufariki havimo kabisa.

Nilimweleza Kaka mkubwa. Alicheka, akasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kwake kampuni za bima ni wezi waliovaa tai. Alinikumbusha dari ya sebule ilipoharibika kwa kuvuja, wakamtuma mtu wao, akazunguka, akaandika "uchakavu", na hatukuona senti. "Ukitaka kulipa lipa," akaniambia, "lakini kimya." Kisha akashusha sauti: "Au unataka bima iwe kwa jina lako?" Swali hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Nilipomuuliza wakala jina linabadilishwaje mwenye bima akishafariki, alisema kampuni itataka barua ya msimamizi wa mirathi. Sisi mirathi hatujaifungua. Neno hilo likitajwa Dada hulia, Kaka huondoka, na Mama husema "subirini nife kwanza". Kaka wa pili, anayeishi nje ya nchi, amesema yeye atakata bima nyingine ya nyumba hiyo hiyo kwa jina lake, ili ikiungua walau moja ilipe, na Mungu akijalia zilipe zote mbili.

Nilipe kimya kama miaka yote? Niiambie kampuni ukweli nionekane mlafi? Au niiache bima ife, pesa hizo niziweke pembeni kwa ajili ya Mama? Nyumba hiyo ndiyo mali pekee aliyo nayo.

Kitindamimba Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikupongeze kwa kuisoma hati. Wengi huisoma moto ukiwa umeshazimwa.

Nikielewa vizuri, nyumba imebadilika, watu wake wamebadilika, lakini karatasi imebaki ilivyokuwa siku Baba yako alipoweka saini. Kuisahihisha ni kazi ya ofisini, ila kwenu imefungamana na mirathi, na mirathi imefungamana na kilio cha Dada na swali la Kaka. Ada peke yake isingekunyima usingizi.

Tuanze na jina, maana naona umeshajihukumu kwamba hati ya marehemu ni karatasi tupu. Si lazima iwe hivyo. Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kifungu kinachosema mwenye bima akifariki, kinga inaendelea kwa wawakilishi wake wa kisheria kuhusu mali ile ile, mara nyingi mpaka muda uliokwisha kulipiwa umalizike. Kitafute kwenye masharti ya jumla, nyuma ya kurasa zenye majina na kiasi. Shida yenu ni kwamba muda ule ulimalizika, bima ikahuishwa tena na tena kwa jina la mtu asiyeweza kuingia mkataba mpya. Hapo kampuni ikitaka ubishi inaupata. Bima humlipa anayepata hasara, na wenye hasara hapa wapo: Mama anayelala humo, na ninyi warithi. Karatasi ndiyo isiyowajua.

Sasa tuseme kampuni ni ya watu wema, nyumba imeungua, nao wamekubali kulipa bila neno. Watamlipa nani? Pesa zilizoandikwa jina la marehemu haziendi popote mpaka awepo mtu anayetambuliwa kisheria kuzipokea. Kwa hiyo ile mirathi mnayoizunguka ingewakuta hapo hapo, safari hii hamna hata sebule ya kukalia kikao.

Kuna jambo moja katika barua yako nimelirudia mara kadhaa. Ulimuuliza wakala jina linabadilishwaje mwenye bima akifariki. Uliuliza kwa ujumla, au alijua ni nyumba ipi? Kama alijua, ule ukimya anaoushauri Kaka umeshavunjika, kwa kuwa mara nyingi wakala ni mtu wa kampuni, na analoambiwa yeye linaweza kuhesabiwa kuwa kampuni imeambiwa. Hilo linaweza kuwasaidia au kuwabana. Litawasaidia mkiweza kuonyesha kwamba mlisema. Litawabana mkiendelea kulipa kwa jina la Baba kana kwamba hamkusema. Dalali wa bima ni mwingine, yeye kwa kawaida humwakilisha mteja. Ulizia huyo wa kwenu ni yupi kati ya hao wawili.

Kaka hakukosea kwamba watu wengi wanaishi kwa kimya na hakuna kinachotokea. Hakuna kinachotokea kwa sababu hakuna aliyedai. Wazo la kwamba anayekatiwa bima hapaswi kuficha ni la zamani sana. Mwaka 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya bima ya ngome moja huko Sumatra, alieleza kwamba mambo ya mali huyajua zaidi mwenye mali, kampuni hutegemea kauli yake, na kuficha jambo zito kunaweza kubatilisha mkataba. Sheria za nchi zimeachana njia tangu hapo. Uingereza yenyewe ililegeza kamba mwaka 2012, na sasa mteja wa kawaida hatakiwi kukisia kampuni ingependa kujua nini, anatakiwa ajibu anachoulizwa kwa ukweli na kwa uangalifu. Kwingine bado unatarajiwa kusema hata usipoulizwa. Ila hati yako, kama ulivyoisoma, inadai waziwazi taarifa ya nyumba kukaa tupu, na sitashangaa kama kuna kifungu kingine kinachodai taarifa ya matumizi kubadilika. Basi kwa hayo mmeshaulizwa.

Ningekuwa mimi ninayekosa usingizi, jina lisingekuwa la kwanza kunisumbua. Ningeanza na karakana. Uchomeleaji ni cheche, mitungi ya gesi na nyaya za umeme zinazobeba mzigo ambao aliyezitandika hakuufikiria, vyote hatua chache kutoka chumba anacholala Mama. Aliyepanga ada ya Baba yako aliipangia nyumba ya kuishi tu. Moto ukianzia bandani, mkadiria hasara ataliona banda kabla hajaulizia jina la mtu. Halafu kuna jambo ambalo hukuligusa: mteja wa kijana akiumia humo ndani, anaweza kumdai mwenye nyumba. Bima nyingi za nyumba zina sehemu ya dhima kwa watu wengine, yaani fidia kwa mgeni aliyeumia kwenu, lakini sehemu hiyo kwa kawaida haigusi shughuli za biashara. Kampuni ikiambiwa inaweza kupandisha ada, kuweka masharti kama vizima moto na kuhamisha mitungi, kutaka kijana akate bima yake ya biashara, au kukataa kabisa kubeba. Hilo la mwisho linauma, najua. Lakini kama ndilo jibu lao, si heri mlisikie nyumba ikiwa bado imesimama?

Na hapa naomba uniruhusu kuuliza kuhusu Kaka. Lile swali lake la sauti ya chini lilikuchoma kwa sababu ulilisikia kama shutuma. Inawezekana ni shutuma. Inawezekana pia ni woga wa baba ambaye mwanawe ameshapata riziki katika banda lile, akaona dada yake mdogo anaanza kufunua makaratasi ambayo mwisho wake ni "ondoa mashine zako". Simjui, wewe unamjua. Najiuliza tu kama mazungumzo yenu yangekwenda vingine yangeanza na kijana atalindwaje, kabla ya nani aandikwe wapi.

Kuhusu kiasi cha bima, kaa nami kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huumia wakiwa na hati halali kabisa. Kiasi kinachotakiwa ni gharama ya kuijenga nyumba upya, si bei ya kuiuza. Bei ya kuuza ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Gharama ya kujenga ina vitu ambavyo mnunuzi havifikirii, kama kuondoa kifusi, mchoraji ramani, vibali, vifaa kwa bei ya leo. Sasa chukua mfano. Kuijenga upya kunahitaji 100, hati inasema 60, na moto umeharibu vitu vya 20. Wengi hudhani kwa kuwa 20 ni ndogo kuliko 60, watalipwa 20. Mikataba mingi ina kifungu cha wastani: umekatia bima asilimia 60 ya nyumba, unalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani 12, kisha yanatolewa yale makato ya kwanza ambayo kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Marekani mikataba mingi haianzi kupunguza ikiwa kiasi kimefika angalau asilimia 80 ya gharama ya kujenga. Kwenu angalieni kipimo kilichoandikwa. Kile cha enzi ya mkopo, pamoja na vyumba viwili visivyotajwa, kinaweza kuwa mbali sana na nyumba iliyopo leo. Mthamini atawaambia umbali wenyewe.

Safari za Mama ndilo jambo jepesi kuliko yote. Kipimo cha nyumba kukaa tupu huwa mara nyingi siku 30 au 60, na kampuni ikijulishwa mapema aghalabu huendelea na bima kwa masharti, kwa mfano maji yafungwe na mtu apite kukagua. Huenda wakaondoa wizi au mabomba kupasuka kwa kipindi hicho. Kama kijana hulala pale, waambieni, maana pengine nyumba haihesabiwi kuwa tupu hata kidogo.

Nirudi kwenye dari, kwa sababu ndilo jeraha Kaka analolionyesha kila mara. Bima ya nyumba imetengenezwa kwa ajili ya jambo la ghafla lisilotarajiwa: moto, radi, dhoruba, bomba kupasuka, mwizi kuvunja. Kinacholiwa polepole, kutu, mchwa, bati lililochoka, huachwa kwa mwenye nyumba. Mafuriko na tetemeko navyo mara nyingi haviingii mpaka uviombe kwa nyongeza na kuvilipia. Kwa hiyo yule aliyeandika "uchakavu" huenda alifuata mkataba. Lakini huenda pia hakuufuata. Kama upepo mkali ulilifumua bati siku moja na mvua ikaingia, hilo si uchakavu. Mikataba mingine hukataa kulilipia paa lililochoka ila hulipia dari iliyoharibiwa na maji yake. Mliomba sababu za kukataliwa kwa maandishi? Mlikata rufaa ndani ya kampuni, au kwa mamlaka inayosimamia bima? Sisemi mlirudie dai lile leo, linaweza kuwa limepitwa na muda. Nasema mtu mwenye haki ya kukasirika hivyo angependa kujua kama alikasirikia jambo la kweli.

Mpango wa Kaka wa pili umetoka moyoni, lakini nyumba moja yenye bima mbili hailipwi mara mbili. Bima hukurudisha pale ulipokuwa, haikutajirishi, na kampuni mbili zitagawana hasara ile ile. Zaidi ya hapo, yeye naye ataulizwa ana maslahi gani katika nyumba ambayo haina jina lake, na kila kampuni itataka kujua kama ipo nyingine. Pesa zake zingeweza kufanya kazi nzuri zaidi zikiingia kwenye kuongeza kiasi cha bima iliyopo, kama mtaamua kuiweka sawa.

Kuweka pesa pembeni ni jambo la maana kwa hasara ndogo, kioo kilichovunjika, bomba linalodondosha. Ukiwa na akiba ya hivyo unaweza hata kuchagua makato makubwa zaidi ili ada ishuke. Kwa nyumba nzima hesabu haikubali, kwa sababu moto haungoji akiba ikue. Lakini kama ada mpya itakuwa nzito kiasi cha kuwashinda, nitamwelewa anayechagua akiba, mradi wote mjue mmebaki wazi kwa kiasi gani. Sasa hivi ninyi wote mnadhani mmefunikwa, na ni wewe tu unayejua shuka lina matundu.

Tukija kwenye mirathi. Jina kwenye hati ya bima halimpi mtu nyumba. Umiliki una karatasi zake. Msimamizi wa mirathi naye hapewi nyumba, anapewa jukumu la kukusanya mali, kuilinda, na baadaye kuigawa, na kukata bima ni sehemu ya kulinda. Zipo kampuni zinazokubali kuandika "wasimamizi wa mirathi ya marehemu fulani", bila jina la mtoto yeyote kujitokeza mbele ya wenzake. Hatari yake ni kwamba sheria za sehemu nyingine humpa msimamizi muda maalumu wa kutoa hesabu na kugawa, kwa hiyo muulizeni mwanasheria kabla hamjaanza, ili anayetaka kulinda tu asijikute amewasha saa ya mgawanyo. Mnaweza pia kuiuliza kampuni kama itatoa hati ya muda wakati mambo hayo yanashughulikiwa, au kama itamkubali Mama awe mwenye bima kwa kuwa ndiye mkaaji. Majibu ya simu msiyategemee. Yaje kwa maandishi.

Katika barua nzima sikuona mahali ambapo Mama ameelezwa kuhusu hati hii. Anaposema "subirini nife kwanza", nadhani anasikia kwamba mnataka kumhamisha. Hajaulizwa nyumba ikiungua kesho angependa nani aipokee fidia na aijenge kwa ajili yake. Anaweza kuwa na jibu tayari, tena jibu ambalo hamlitarajii. Unaweza kumwendea peke yako, au na Dada, au mkasubiri kikao cha wote. Kila njia ina gharama yake, na aliyetangulia kuongea naye ndiye atakayeshukiwa. Kama ungekuwa na risiti zako zote mkononi, ukazitoa mwenyewe siku ya kwanza, sidhani kama zingekupa sura ya mlafi. Zikifukuliwa na mtu mwingine baadaye, sina hakika.

Muda wa kuhuisha ukiwa umekaribia kabisa, usiogope kuwaandikia kwamba kuna mabadiliko mnayakusanya na kuomba siku chache. Wakati huo huo piga picha kila chumba, pamoja na vile viwili vya nyuma na banda, uzihifadhi nje ya nyumba. Zitahitajika kwa njia yoyote mtakayoifuata. Na huyo kijana, kikao kiwepo kisiwepo, mwambie mitungi ya gesi aitoe karibu na ukuta wa chumba cha bibi yake leo hii.

Niandikie utakapokuwa umejua wakala wenu alielewa nini.

Shangazi